Zamu Yetu Kinuni

Jumapili, Rajabu mosi

Mvua ya kwanza imepiga huku Darsait, Maskati, leo, ndogo, ya kulowesha nguo kwenye kamba tu. Nimezianua nikiisema vibaya, kisha nikamwomba Mungu msamaha, maana mvua ni neema.

Daftari hili kaniletea mjukuu wangu Noof. Kasema, "Bibi, kila siku unasema moyo umekujaa. Umwage humu." Mimi skuli sijakwenda hata siku moja. Baba yangu kule Unguja alisema mtoto wa kike akijua kuandika atawaandikia wanaume. Herufi za msahafu nilizijua chuoni, na hizi za kizungu kanifunza Noof mwenyewe jikoni, mimi namenya vitunguu, yeye anaandika kwenye mlango wa friji kwa kalamu ya kufutika. Kwa hiyo nikikosea, lawama ziende kwa mwalimu wangu, ana miaka kumi na saba.

Nnaandika kwa sababu ya mume wangu. Thani ananiponyoka. Ni maradhi ya kusahau, na daktari kasema hayarudi nyuma. Kusahau funguo na kusahau kama keshakula, hayo nilishayazoea. Lakini sasa anasahau Kiswahili. Tumeoana Unguja, tumekuja Maskati vijana, na umri wote huo tumesemezana kwa Kiswahili, tumegombana kwa Kiswahili, tumezika mtoto na kulea mwengine kwa Kiswahili. Kila siku linapunguka neno, na pahala pake linakuja neno la Kiarabu cha kwao bara, cha milimani, alichokisema mtoto kabla baba yake hajamchukua kumpeleka Unguja. Kiarabu changu mimi ni cha sokoni Mutrah na cha kuswalia. Akisema hicho chake nnashika nusu.

Leo asubuhi nimempelekea chai. Kanitazama, uso ukamnawiri kama zamani, nikajua sasa ataniita Kheri, jina alilonifupishia mwenyewe. Akasema, "Yumma."

Yumma ni mama.

Nikamwambia, "Mimi si mama'ko. Mimi Kheiria, mkeo. Kunywa chai."

Jumanne, Rajabu 3

Mbingu safi. Kaniita yumma tena. Sikuitika.

Ijumaa, Rajabu 6

Ijumaa wanakuja wote kula: mwanangu Yaqdhan, mkewe Rawan na Noof. Wao wanakaa Madinat Sultan Qaboos, kwenye nyumba ambayo sebule yake naiogopa kuikalia. Rawan ni mtu wa bara, kijiji kimoja cha jirani na kwao Thani. Kiswahili hajui. Ni mkamwana wangu huu mwaka wa ishirini, hana kosa la kumshika, na mpaka leo akinisalimia nahisi nimekwenda benki.

Leo tumegombana.

Thani kaacha kula katikati, mkono umo ndani ya pilau, akauliza kwa kile Kiarabu chake: "Yumma keshapeleka ngano kwenye raha?" Raha ndivyo wanavyokiita kinu cha maji. Mimi nikafungua mdomo nimwambie mama'ko kafa zamani. Rawan akaniwahi. Akamjibu kwa upole, lugha hiyo hiyo: "Amekwenda, ami. Bado zamu yake haijafika." Na Thani akaridhika, akaendelea kula.

Nikamfuata jikoni. "Unamchezea mume wangu akili."

"Khalti," akasema, ndivyo anavyoniita mimi mkwewe, anaosha sahani wala hanitazami, "kumwitikia hakukupunguzii kitu."

"Wewe hakukupunguzii. Si mumeo."

Akanyamaza. Ndiyo tabia yake, ananyamaza, unabaki wewe na maneno yako.

Kisha Yaqdhan, asiyejua kama jikoni kumewaka moto, akasema kinu hicho kimetengenezwa. Kakiona kwenye simu. Watu wanakwenda kukitazama, kipo ukingoni mwa wadi, ule mto mkavu, pale pale kilipokuwa. "Tumpeleke Baba! Safari ya asubuhi mpaka jioni. Tupite tupite, tule njiani, arejeshe kumbukumbu." Thani kalisikia neno raha. Tangu hapo hajaliacha.

Jumamosi, Rajabu 7

Nitaandika khabari ya kinu hicho, kwa sababu Thani alinihadithia mara moja tu, mwaka tuliooana, na hakurudia.

Alikuwa mtoto wa miaka minane. Mama yake kabeba ngano kichwani, wameteremka mpaka kinuni, wamekaa kwenye baraza ya mawe wanawake wanapongojea zamu. Baba yake akaja. Lori la kwenda pwani linaondoka, na jahazi la Unguja halingoji mtu. Mama akamwambia, "Nenda na baba'ko. Mimi nisage, nnakuja." Thani akamwacha mama yake amekaa pale na kikapu chake. Thani alirudi Omani mtu mzima na ndevu, na mimi mkewe nyuma yake. Walimwonyesha kaburi la mama yake. Kinuni hakutaka kwenda.

Jumatatu, Rajabu 9

Mawingu juu ya milima. Hayakushuka.

Ijumaa, Rajabu 13

Tulikuwa twende leo. Alfajiri nimetoka barazani, nikaona wingu. Nikasema hatwendi.

Yaqdhan akaja juu na gari yake ile kubwa, akatoa kichwa dirishani. "Mama! Wingu lile lipo Irani!"

"Basi litakuja. Lina miguu."

Kinu kile kina njia moja, na njia hiyo inakatisha wadi. Wadi siku zote ni mawe makavu, mbuzi wanalala humo. Mvua ikinyesha juu milimani, wala wewe huku hujaona tone, maji yanateremka kwa mpigo mmoja na kuchukua gari kama kibiriti. Kila mwaka tunazika watu. Na kila mwaka wapo wanaume wa nchi hii wanaofika ukingoni, wanatazama maji, wanatazama gari zao, wanasema itapita. Mwanangu ni mmoja wao. Mwaka jana kapita kwenye maji yanayokwenda, kisha katuletea video tumsifu. Nilimpiga kwa kandambili, mtu mzima na mvi zake.

Thani alikuwa keshavaa. Dishidashi nyeupe, kilemba, fimbo. Alikaa mlangoni mpaka adhuhuri anangoja.

Ijumaa, Rajabu 20

Jua kali. Nimesema goti linaniuma.

Noof akanikazia macho. "Bibi, goti lako linauma Ijumaa tu?"

"Na ulimi wako unauma lini?"

Jumapili, Rajabu 22

Haya, nitasema, nani atasoma. Goti haliumi.

Nnaiogopa wadi, kweli. Lakini nnakiogopa kinu zaidi. Thani hivi sasa yumo njiani, anakwenda na kurudi. Asubuhi yupo kwa mama yake, alasiri pengine ananirudia, anauliza karafuu ziko wapi, anasema, "Kheri, chumvi kidogo." Siku mbili tatu kwa wiki nampata hivyo. Nikimpeleka mwenyewe kwa mkono wangu mpaka pale alipoachana na mama yake, akikaa pale, nani ataniambia atarudi? Mwili tutaupakia garini. Yeye je?

Jumatano, Rajabu 25

Leo herufi zinapanda mlima.

Mvua kubwa tangu asubuhi. Njia ya mbele ya nyumba imekuwa mto, takataka za maduka zinapita zinaelea. Nimeingia kuswali adhuhuri, nimetoka, mlango upo wazi na Thani hayupo. Na pakiti ya unga wa ngano jikoni haipo.

Nimetoka bila ya viatu. Nimeita kila duka, fundi wa matairi, muuza simu, wote Wahindi wa watu wakaacha kazi wakatoka na miavuli. Yaqdhan nimempigia nikapiga kelele tu, sijui kama nilisema neno. Maji yananipiga magotini na mimi namwona Thani kwenye kila kitu kinachopita kimeelea. Ndoo nimeifikiria kichwa chake.

Simu ikalia. Sauti ya msichana, Kiswahili cha huko bara Afrika, kikavu: "Halo? Mama, mimi naitwa Teopista, natoka Uganda, niko hapa Ruwi stendi ya basi. Niko na mzee, namba yako imeshonwa ndani ya mkono wa kanzu yake."

Noof ndiye aliyeishona namba ile. Mungu ampe kila anachotaka, hata hizo nywele anazotaka kuzikata.

"Kaumia?"

"Hajaumia, lakini analia. Amebeba unga. Anatafuta mashine ya kusaga. Nimemwambia baba, hapa hakuna mashine, hapa ni mabasi, hanielewi."

Tulimkuta amekaa chini ya kibanda, msichana kamfunika mtandio wake, yeye mwenyewe anatetemeka. Unga umelowa umekuwa donge mpaka kwenye ndevu. Nilimkumbatia yule binti nikamlowesha zaidi. Alikuwa ana siku yake moja ya kupumzika kwa mwezi, na kaimalizia kwa mume wangu.

Garini Thani kanishika mkono. "Yumma," akasema, "sikukuona."

Sikuitika. Nilitaka, lakini nikamfuta tu unga kwenye ndevu.

Alkhamisi, Rajabu 26

Nimemwambia Yaqdhan: tutakwenda. Baba'ko asipokwenda na mimi atakwenda peke yake. Lakini siku ya mbingu safi, na nitachagua mimi.

Jumanne, Shaaban mosi

Mvua.

Ijumaa, Shaaban 4

Mvua. Simu ya Yaqdhan inalia kila saa, serikali inatahadharisha watu na mawadi. Nimemwambia asome kwa sauti.

Jumatano, Shaaban 9

Thani anakohoa usiku kucha tangu siku ya Ruwi. Nampaka mafuta ya karafuu kifuani. Wiki nzima sijasikia jina langu.

Jumanne, Shaaban 15

Nusu Shaaban. Nimetazama juu mara nyingi kuliko nilivyotazama sufuria. Safi. Rawan kapiga simu mwenyewe, jambo asilolifanya, kuniuliza kama kikohozi kimepungua. Kisha akasema jamaa zake kijijini wanasema wadi imekauka. "Jumamosi ni nzuri, khalti." Nikamwambia nitafikiri. Nishafikiri. Jumamosi.

Jumapili, Shaaban 20

Tumerudi. Nimelala, nimeamka, nimeoga, sasa niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Jumamosi tumetoka jua halijapanda. Mbingu safi kama sahani. Nimechukua mikate ya kumimina, kuku wa kukaanga na chupa mbili za chai ya maziwa. Rawan kachukua kahawa na tende. Noof katia nyimbo, nikamwambia azime, akatia Kurani, nikamwambia apunguze, akasema, "Bibi, unataka nini?" Nnataka tufike na turudi, mwanangu, ndiyo yote.

Milima imekuja juu yetu, myeusi, hata jani haina. Thani yupo mbele, amenyooka. Anasoma majina ya vijiji kabla hatujafika kwenye kibao. Mtu asiyejua leo siku gani! Yaqdhan kila mara anageuka kunitazama kwa furaha, unaona Mama, unaona, na mimi nampigia kelele atazame njia.

Tukafika kwenye wadi. Kavu. Kando zimesimama zile nguzo nyeupe na nyekundu za kuonyesha maji yamefika wapi, na juu kabisa ya nguzo moja limenasa gunia. Nililitazama gunia lile mpaka shingo ikanigeuka.

Kijijini katupokea mlinzi wa kinu, mzee anaitwa Jaifar, jambia kiunoni na miwani imefungwa kwa uzi. Katukalisha, kamimina kahawa, kisha akauliza kama wanavyouliza watu wa bara: nini khabari, kuna jambo gani mlikotoka? Sasa hapo, ada yao, hata kama nyumba yako inaungua unajibu hakuna jambo, khabari ni kheri tupu. Mambo ya kweli yanakuja baadaye, polepole, baada ya kahawa ya tatu. Rawan alishanieleza njiani. Mimi nikasahau, au sikuweza.

"Khabari?" nikasema. "Khabari mume wangu anapotea akili. Aliachana na mama yake hapa, mtoto mdogo, na sasa ananiita mimi mama na mimi sitaki. Mwanangu ni mwendawazimu wa gari. Na mimi naogopa wadi yenu tangu mwezi wa Rajabu, tumbo limefunga choo."

Yaqdhan kaangalia dari. Rawan kavuta shela usoni, nikadhani keshaaibika, kumbe mabega yanatikisika, anacheka! Miaka ishirini sijawahi kumwona anacheka.

Mzee Jaifar akaweka chini dele la kahawa. "Umri wangu wote nnauliza watu khabari," akasema. "Leo ndiyo nimejibiwa."

Akatupeleka.

Kinu ni kijumba cha mawe, kidogo, kimekaa chini ukingoni hasa, ngazi chache juu ya mawe ya wadi. Maji yanakuja kwa mfereji kutoka juu, yanaingia kwenye mnara ulio mtupu ndani, yanaanguka mpaka chini, na huko chini yanapiga gurudumu la mbao. Gurudumu linazungusha jiwe la juu. Jaifar akaondoa ubao unaoziba mfereji. Mwanzo hamna kitu. Kisha chini ya miguu yetu kikaanza kitu kama mtu mzima anayejigeuza kitandani, kikanguruma, na jiwe likazunguka. Akatia ngano. Unga ukatoka, harufu yake ikajaa chumba.

Thani hakutazama jiwe. Alikwenda moja kwa moja kwenye baraza ya mawe nje ya mlango, akakaa, mikono magotini, miguu pamoja. Uso wake ulikuwa umetulia namna ambayo sijaiona mwaka mzima. Nikakaa mbali kidogo. Nikasema moyoni, haya, kafika. Sasa umekwisha, Kheiria.

Tumekula pale. Noof kapiga picha. Alasiri ikaingia, nikanyanyua kichwa, na juu ya milima kulikuwa na weusi ambao haukuwepo.

Simu ya Jaifar ikalia. Kasikiliza neno moja. "Imenyesha juu," akasema. "Pandeni. Wadi inakuja. Nyote, sasa hivi."

Yaqdhan akamwinamia baba yake. "Baba, twende." Akamshika mkono.

Na Thani akapiga ukelele. Mume wangu, mtu ambaye hajawahi kupaza sauti! Akaurudisha mkono wake kifuani, akajibana ukutani. Alimtazama Yaqdhan machoni, na mimi nikakiona anachokiona. Yaqdhan kafanana na babu yake, baba yake Thani, kwa kila kitu, pua, ndevu, hata kule kusimama. Yupo mwanamme huyu tena, amekuja kumchukua, lori linangoja.

"Siendi na wewe," Thani akasema kwa Kiarabu chake. "Namngoja yumma. Kasema anakuja."

Yaqdhan akamkamata kiunoni amnyanyue. Thani akampiga fimbo ya bega, akashikilia nguzo ya mlango, na mtu aliyeshikwa na khofu ana nguvu za watu watatu. Noof analia, "Baba, utamvunja!" Jaifar yupo ngazini anatuita. Na mimi nikanusa. Wanasema wadi inakuja na harufu kabla ya maji, na ni kweli: udongo, uozo, kama kaburi lililofunguliwa. Kisha sauti, mbali, kama lori linamwaga mawe na halimalizi kumwaga.

Rawan alinitazama. Hakuniambia nilikwambia.

Nikajua. Hakuna mwengine wa kumtoa pale. Kheiria hawezi, Thani hamjui Kheiria. Na nikajua pia nnachokitoa, maana mke akishaitika kama mama, sijui kama anaweza kurudi kuwa mke.

"Nifunze," nikamwambia Rawan. "Maneno yao."

Akaja nyuma ya sikio langu. Akaninong'oneza neno kwa neno, na mimi nikayasema, kwa ulimi wangu wa Unguja, nayakwaruza, nayavunja. Sikumbuki yote. Lakini la kwanza nalikumbuka, kwa sababu ndilo nililolikataa tangu mvua ya kwanza.

"Labbeh," nikasema. Nimeitika. "Labbeh, mwanangu. Mimi hapa. Nishasaga."

Akaacha nguzo. Kanitazama usoni, kisha mikononi. "Unga uko wapi?"

Watu wa kinuni ni watu wa kweli, hawatoki mikono mitupu. Rawan aliruka ndani, viatu vimeshalowa, akakinga mtandio chini ya jiwe, akaukusanya unga wote, akaufunga fundo, akanitia mkononi. Nikauweka kichwani. Mimi niliyekuwa na goti.

"Twende nyumbani," nikasema.

Akasimama. Akashika pindo la baibui langu, si mkono, pindo, kama wanavyoshika watoto, tukapanda ngazi zile hivyo hivyo, mimi mbele na unga kichwani, yeye nyuma. Yaqdhan kabaki wa mwisho asionekane. Tulipofika juu nikageuka. Maji yalikuja rangi ya chai, yana miti ndani, yakapanda kwenye baraza aliyokuwa amekaa kana kwamba yanamtafuta. Mlango wa kinu ukang'oka, ukaenda zake. Jaifar kasema mawe yatabaki, yamebaki kila mara.

Tukaingia garini. Sasa nikawa na khofu ya pili, ile ya zamani, ya Yaqdhan. Tukateremka mpaka inapokatisha njia. Maji yameshafika nusu ya nguzo, na ng'ambo wamesimama watu na magari wanatutazama. Nikafungua mdomo. Sikuwahi. Yaqdhan alisimamisha gari mbali kabisa, hata nguzo hatujazifikia, akazima, akachomoa ufunguo, akanyoosha mkono nyuma bila ya kugeuka, akaniwekea pajani.

"Ushike wewe, Mama," akasema. Bega lilikuwa linamuuma, na alikuwa analia. "Kaniogopa. Umeona? Baba yangu kaniogopa."

Nikamshika kichwa chake kwa nyuma, nywele zake zile za mvi, kama alipokuwa na homa mtoto. "Hakukuogopa wewe," nikamwambia. "Wewe umempeleka kwa mama yake. Yule mwengine alimwondoa."

Tumelala kwa Jaifar. Asubuhi maji yameshuka, tukapita.

Jumatatu, Shaaban 21

Hajasema hata neno moja la Kiswahili tangu turudi. Hana tabu, hatafuti mlango, anakula. Anaitwa anageuka. Ametulia kama mtoto aliyepelekwa nyumbani.

Nimemtoa kinuni hai. Lakini niliyemtoa ni mtoto.

Alkhamisi, Shaaban 24

Mbingu safi. Hata sitazami juu tena. Khofu imehamia chumbani.

Jumamosi, Shaaban 26

Rawan kaja peke yake, bila ya mume, bila ya Ijumaa. Kakaa jikoni kwenye ndoo iliyopinduliwa, na nguo zake zile, akanifunza maneno: njaa, baridi, njoo, lala, usiogope. Mimi nimemfunza kukanda chapati. Anakanda kama anayepapasa paka. Nikamwambia, "Ipige!" Akacheka tena. Nimemkosea haki mkamwana wangu miaka yote, nilidhani kunyamaza ni kiburi.

Jumanne, Shaaban 29

Kesho pengine Ramadhani, watu wapo juu ya mapaa wanatafuta mwezi. Mawingu yamekuja tena, pengine hawatauona.

Ule unga wa kinuni nilikuwa nimeuweka, una chembechembe za mawe. Leo nimeuchekecha, nikakanda, nikaweka chuma motoni. Thani kaja kwa harufu. Kasimama mlangoni na fimbo.

"Yumma."

Sikuwa na wadi nyuma yangu, wala mtu wa kuninong'oneza. "Labbeh," nikasema. "Njoo, mwanangu. Kaa."

Akakaa. Nikampa mkate wa moto, akaupuliza. Kisha akasema kwa kile Kiarabu chake, na siku hizi nnakishika:

"Nna mke, yumma. Wewe hukumwona. Yupo Unguja."

Nikaondoa chuma motoni. Nikakaa.

"Mke gani huyo?"

"Mkali." Akacheka. "Akisema, mtaa mzima unasikia. Lakini kwake hulali na njaa."

"Utamleta nimwone?"

Akafikiri. Nje mvua imeanza, nnaisikia juu ya bati la uwani. Akageuka kuisikiliza na yeye, kisha akasogea karibu yangu, akashusha sauti kama anayetoa siri ya mtu.

"Anaogopa mvua, yumma, ila hasemi. Ikinyesha usimwache peke yake."

Nikamwambia simwachi.